Rosine na Dosie ya Prospère

Mnisikilize vizuri, maana habari hii naisimulia mara moja tu, na nikiisimulia presha inanipanda. Watu wa mtaa wa Kataki wamekwisha kuisema kwa namna yao. Wanasema Rosine ni mwanamke wa roho mbaya, ni nyoka, amemwanika bwana yake wa zamani mbele ya ndugu yake. Wengi wanaosema hivyo hawajui hata mlango wa nyumba yetu unafungukia upande gani. Mimi njo niliyekuwepo. Kwa hiyo wanyamaze kidogo.

Jina langu Bijou. Nafanya kazi ya mapokezi katika nyumba moja ya kusikiliza hapa Kalemie, juu kidogo ya reli. Mtu mwenye mambo mazito anakuja kwetu, anakaa na mshauri, mlango unafungwa, anasema yote ya moyoni. Vita, ndoa, mtoto aliyekufa, usingizi uliokataa kuja. Mshauri anasikiliza na anaandika. Yale maandishi yanaingia katika faili, sisi huku tunasema dosie, na dosie zote zinakaa katika kabati moja la chuma. Ufunguo wa kabati hilo ulikuwa kwa Rosine.

Rosine kwao ni watu wa ziwa, upande wa Moba, baba yake alikuwa mvuvi wa samaki wa mikebuka. Mwanamke mrefu, anatembea haraka, anakula haraka, na kucheka kwake ni kwa nadra. Asubuhi alikuwa analeta muhogo wa kuchemsha ndani ya kitambaa, anatugawia, halafu anafuta mikono na kufungua kabati lake. Baada ya hapo usimsumbue. Siku moja alikuja mchungaji mkubwa, na suti yake na mkoba wake, anataka kujua mwanamke mmoja wa kanisa lake alisema nini kwa mshauri. Rosine akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia, "Papa mchungaji, huyo mama akitaka kusoma maneno yake, aje mwenyewe aandike ombi. Wewe uombe ya kwako." Mchungaji akasema atamshtaki. Rosine akampa kalamu na karatasi. Tulicheka wiki nzima.

Lakini ule ukali wake kwa zile dosie haikutoka hewani. Ilitoka kwenye kidonda.

Miaka tisa iliyopita, Rosine na bwana yake Prospère walikuwa wanalima mahindi katika kijiji kimoja cha barabara ya Nyunzu. Vita ilipofika, watu wenye silaha waliingia kijijini wakamchukua Rosine. Walikaa naye porini miezi minne. Siku alipotoroka, alitembea mpaka Kalemie, mifupa mitupu, akamkuta Prospère kwa ndugu zake. Aliwaambia kwamba alikuwa amejificha msituni pamoja na wakimbizi wengine. Ukweli wake alikuja kuusema mahali pamoja tu, hapa kwetu, kwa mshauri, mlango ukiwa umefungwa.

Wakati huo tulikuwa na mwandishi mmoja wa kutunza dosie, Papa Éliézer. Mungu amhukumu mwenyewe, mimi nimechoka kumhukumu. Prospère alisikia kwamba bibi yake anakuja hapa, akaja na cheti cha ndoa mkononi. Akasema, "Mimi njo niliyemtolea mahari, ugonjwa wake ni wangu." Éliézer akaona ni kweli kabisa! Akafungua kabati, akampa dosie nzima, akamtakia na siku njema.

Prospère kusoma kwake ni kwa taabu. Dosie akampelekea yaya yake, yaani kaka yake mkubwa, Papa Déogratias, ambaye ni katekista na mkuu wa ukoo. Waliita mkutano uani, wajomba, shangazi, mawifi, wote. Rosine wakamweka katikati juu ya kigoda. Déogratias akasoma kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, ile miezi minne yote, kila kitu alichofanyiwa. Akina mama wengine waliziba masikio. Alipomaliza, Prospère akasimama na kusema, "Mimi siku ile nilikuwa Nyunzu sokoni. Ningekuwepo, ningekufa kwa ajili yake. Lakini huyu alikwenda na miguu yake." Ukoo ukakata neno. Rosine alitoka pale na kanga moja na viatu alivyovaa.

Mnajua alikwenda wapi? Alikuja hapa. Alikaa mlangoni kwetu siku tatu, hasemi, halii. Siku ya tatu alikuwa amefika mkurugenzi mpya, Mama Clémence. Alipojua kilichotokea, alimfukuza Éliézer saa ileile, akakaa chini akaandika sheria za nyumba. Mtu ana haki ya kusoma dosie yake mwenyewe, si ya mwingine, hata awe bwana, hata awe baba. Anaandika ombi, tunamjibu ndani ya siku saba. Anasomea hapahapa, hatoki nayo. Majina ya watu wengine waliomo ndani yanafunikwa kwanza kwa vipande vya karatasi. Akitaka kusindikizwa na mtu, anaruhusiwa, lakini kwanza tunamwita yeye peke yake, tunafunga mlango, tunamwonya kwamba msindikizaji atasikia yote. Na mtunza dosie akikuta jina lake au la ndugu yake ndani, anafunga palepale na kumpa mwenzake amalizie. Halafu Mama Clémence akachukua ufunguo wa kabati akampa Rosine. Akamwambia, "Wewe unajua inauma wapi."

Miaka minane Rosine aliushika ule ufunguo. Hakuna neno hata moja lililotoka. Wanawake wa Lubuye, wa Kataki, wa makambi, walikuwa wanasema, "Niandikie tu, kama ni Mama Rosine anatunza." Mimi nilikuwa napokea wageni, nasikia kwa masikio yangu.

Sasa mwaka huu, mwezi wa tatu, naona nani anaingia mlangoni? Prospère! Tumbo limeota, nywele zimeingia mvi. Kumbe mwenyewe alikuwa anapata ushauri muda wa mwaka mzima, si hapa, ila kwenye kituo chetu kidogo cha Lubuye, kwa kijana wetu Thierry. Hakujua kwamba dosie za Lubuye zote zinaletwa huku kila mwezi, mpaka Thierry alipomtuma kwetu. Alitaka ya kwake.

Sababu yenyewe ndiyo inayochekesha. Kanisani walitaka kumweka mzee wa kanisa, lakini kamati ilisikia kwamba anakwenda kwa "daktari wa kichwa." Déogratias, ambaye njo mkubwa wa kamati, alimwambia lete fishi yako tuone kama umepona. Fishi! Huku kwetu fishi, ile kadi ya hospitali, mgonjwa anaibeba mwenyewe mkononi, toka dirisha hili mpaka lile, na njiani shemeji anaisoma, jirani anaisoma, kila mtu anakuwa daktari. Prospère alifikiri na ya kwetu ni vilevile, karatasi moja yenye muhuri, imeandikwa malaria ya mawazo, amepona, asante. Ya Rosine aliisikia ikisomwa yote, lakini alidhani kule Lubuye wanaandika kwa kifupi tu; hakujua kwamba na Thierry anaandika maneno ya mtu kama yalivyotoka kinywani. Akaandika ombi, na pale kwenye nafasi ya msindikizaji akaweka jina la yaya yake. Nikampa Jumanne inayofuata.

Ombi nililipeleka kwa Rosine. Alilisoma mara mbili. "Ni haki yake," akasema, akafungua kabati.

Ili kufunika majina, lazima mtunza dosie asome yote, hakuna njia nyingine. Nilikuwa namwona kupitia dirisha la katikati, na mkasi wake na gundi yake. Kurasa za kwanza alikuwa anakata, anabandika, anageuza. Kisha akaacha kugeuza. Alikaa vile mpaka chai yake ikapoa.

Akaja kwangu, dosie ameikumbatia kifuani. "Bijou, chukua hii. Jina langu limo ndani. Malizia wewe, na Jumanne umwonye wewe."

"Ameandikwa nini?"

"Sikuambii."

Hakuwa na haja ya kuniambia. Miaka minane nauona uso wake kila siku, na ule haukuwa uso wake. Hapo hasira ikanishika mimi, hasira ya mtu mwingine. Nikamwambia, "Mimi siichukui. Miaka yote hii, leo Mungu amekuletea huyu muntu kwa miguu yake, na msomaji wake juu, halafu unataka kunikabidhi mimi nimfungie mlango, nimwonye kwa upole? Yako ilisomwa mbele ya ukoo mzima!"

"Ni sheria, Bijou."

"Sheria ilikuwa wapi siku yako?"

Mama Clémence alikuwa amepanda mlimani Kirungu kufundisha washauri wa kule, hakuna wa kutukataza. Nikasogea karibu, nikasema kwa sauti ya chini, "Mwonye. Mwonye kabisa, maneno yote ya sheria. Ila mlango acha wazi, na yaya yake akae palepale. Namjua huyo. Peke yake atakimbia. Mbele ya yaya yake hawezi."

Wanasema kisasi ni cha Mungu. Sawa. Mimi niliona Mungu ana kazi nyingi, nikamsaidia. Rosine alinitazama kwa muda, akarudi kukaa, akachukua mkasi. Jina lake mwenyewe alilifunika kwa mkono wake mwenyewe, sawasawa kama linavyotakiwa.

Jumanne wakaja, saa tatu asubuhi, wote wawili na makoti. Déogratias amevaa miwani yenye kamba. Walipomwona nani ameshika dosie, Prospère akasimama ghafla kama amekanyaga mwiba. Déogratias akamsukuma mgongoni kidogo. "Ingia, unaogopa nini? Ni mufanyakazi tu."

Chumba cha kusomea ni kidogo, meza moja na viti vitatu. Waliketi. Mimi nilibaki mlangoni na rejista ya maombi, na mlango niliuacha wazi kwa mguu wangu. Rosine hakuketi.

"Papa Prospère," akasema, "natakiwa kukuonya. Humu ndani hamna fishi. Mna maneno yako, kama ulivyoyasema kwa mshauri. Huyu uliyemleta atayasikia yote. Ukitaka, unaweza kusoma kwanza wewe peke yako. Ukitaka, unaweza kuacha leo, hakuna atakayekuuliza."

Nilimwona Prospère anaanza kuelewa. Macho yalikwenda kwenye dosie, yakaenda kwa Rosine, yakaenda mlangoni. Alifungua mdomo. Na hapo, loo, Déogratias akacheka, kicheko kile chake cha kanisani.

"Anakuonya nini huyu? Kuna kitu unanificha mimi?"

"Hapana, yaya."

"Basi tia saini tusome. Kamati inangoja."

Jasho lilimtoka Prospère mpaka kwenye kola. Ningekuwa mtu mwema, ningemwita nje, hata kwa uongo, hata kwa kusema anatafutwa barabarani. Sikumwita. Nilikuwa nasema moyoni, saini, saini, we mwanaume. Akasaini.

Déogratias akaanza kusoma kwa ile sauti yake ya somo la Jumapili. Ukurasa wa kwanza, usingizi. Wa pili, kichwa kuuma, moyo kwenda mbio. Akawa anatikisa kichwa, anasema, "Mambo ya kawaida, haya hata mimi ninayo." Wa tatu, ndoto. Anaota matete. Kila usiku anaota matete. Wa nne, sauti ikaanza kupungua, lakini katekista akianza mstari lazima aumalize.

"'Sikuwa sokoni. Nyunzu sikufika siku ile. Nilikuwa ndani ya matete nyuma ya nyumba, hatua kama ishirini.'"

"Yaya, inatosha," akasema Prospère.

"Nyamaza. 'Walimshika mkono bibi yangu,' hapa wamefunika jina. 'Aliniita kwa jina langu, mara tatu. Nilisikia zote tatu. Nilijiziba mdomo kwa mkono mpaka walipopotea. Ndugu zangu niliwadanganya.'" Déogratias akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. "'Nilipopata dosie yake, nilifurahi. Nilisema, sasa kosa ni lake.'"

Nje muuza mkate alipita anaita wateja.

Déogratias hakumtazama mdogo wake. Alimtazama Rosine, na nikaona ule uso wa kuhukumu watu umeanguka wote. Yule ndiye aliyesoma ile nyingine uani. Ndiye aliyekata neno. "Shemeji," akasema.

"Mimi si shemeji yako. Saini ya msindikizaji ni hapa chini."

Alisaini, akasimama, akatoka bila kumngoja mdogo wake. Prospère akabaki amekaa, mikono juu ya meza. Alipopata sauti, akasema, "Thierry aliniambia sheria yenu. Mlango unafungwa. Ulijua mimi siwezi kukataa mbele yake. Ungeniita peke yangu!"

Rosine alikuwa anapanga zile kurasa. Akasema polepole, bila kelele, "Mimi pia nilikuita, Prospère. Ulikuwa hatua ishirini."

Yoo, mama yangu! Nilisikia baridi na furaha pamoja. Siombi msamaha kwa ile furaha. Miaka minane yule mwanaume alitembea mjini kifua mbele, mtu aliyesalitiwa, watu wanampa pole barabarani, na Rosine akipita sokoni wanaminya midomo. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya huyu ilikuwa ndefu, lakini iliishia mezani kwetu, na msomaji alimleta mwenyewe.

Uzee wa kanisa ukaisha hapo. Déogratias aliita ukoo, uani palepale, akasema yote mwenyewe, na jinsi alivyokata neno vibaya. Prospère akahamia kwa rafiki upande wa bandari. Mwisho wa mwezi shangazi wawili walikuja kwa Rosine na mbuzi na kitenge, kuomba radhi na kumrudisha nyumbani. Rosine aliwapa maji ya kunywa. Aliwauliza habari za watoto wao. Kisha akafungua kamba ya mbuzi, akaiweka mkononi mwa yule mkubwa, akawasindikiza mpaka barabarani. Mimi ningewatupia na maneno mawili matatu, lakini kila mtu na kisasi chake.

Prospère aliandika malalamiko. Kurasa mbili, sijui nani alimwandikia. Alisema alionywa mbele ya mtu, kinyume na sheria, na mtu aliyemwonya ni yule ambaye jina lake lilikuwa ndani. Kila neno lilikuwa la kweli. Mama Clémence aliposhuka kutoka Kirungu aliyakuta mezani.

Alimwita Rosine asubuhi. Mlango haukufungwa vizuri, na mimi nilikuwa nimeleta rejista aliyoitaka. Nikasimama nje.

"Ni kweli hukumwonya peke yake?" Mama Clémence akauliza.

"Ni kweli."

"Wiki hii wanawake watatu wamekuja kuniomba dosie zao zichomwe. Wanasema siku hizi hapa wanaume wanasomewa mbele ya ndugu zao, kesho itakuwa wao. Niwajibu nini?" Akageuza ukurasa wa malalamiko. "Ungerudishiwa ile Jumanne, Rosine, ungefunga mlango?"

"Hapana, Mama."

"Kwa nini hukumpa mwenzako hiyo dosie? Uliona jina lako. Bijou alikuwepo."

Niliweka mkono juu ya mlango. Kusukuma tu ule mlango. Kusema, aliniletea, Mama, nikakataa, na shauri la mlango wazi lilikuwa langu, si lake. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Nikafikiri watoto wangu wanne. Nikafikiri nyumba ya kupanga.

"Sikumpa," Rosine akasema. "Bijou hakujua kitu. Nilikuwa peke yangu."

Nikasikia ufunguo unawekwa juu ya meza. Nikakimbilia kiti changu, nikainamia karatasi. Rosine alipotoka alipita mbele yangu na kitambaa chake cha muhogo mkononi. Alisimama kidogo, akanitazama, tena si kwa ubaya. Mimi nikaendelea kuandika, sijui nilikuwa naandika nini. Akaondoka.

Mchana Mama Clémence akaniita. Akasema nimekaa miaka mingi hapa na sina doa, akaninyooshea ufunguo wa kabati. Nikaupokea kwa mikono miwili, nikasema, asante Mama.